Nyumba Iliyobomolewa Mara Mbili

Mimi si mtu wa gemu. Nauza mitandio na madera Kariakoo, na kama mtu angeniambia zamani kwamba siku moja nitalia machozi ya kweli kwa ajili ya gemu, ningemcheka mpaka akome. Lakini nimelia. Tena nimelia palepale mezani, mbele ya dada mmoja aliyekuwa anabembeleza bei, akadhani nalia kwa sababu ya bei yake, maskini wa Mungu, akaongeza.

Meza yangu iko mbele ya ghorofa la maduka ya kava za simu na chaja. Ghorofa hilo limesimama juu ya nyumba yetu. Sisemi hivyo kwa uchungu wa kutafuta huruma, ndivyo ilivyo. Ninapokaa mimi na kiti changu cha plastiki ilikuwa baraza. Hapo ngazi zinapoanzia ilikuwa korido, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, na mwisho wake uani, na uani kisima na mlimao. Babu aliijenga, baba akaikuta, sisi tukazaliwa humo. Baba alipofariki wakajitokeza warithi: mashangazi, baba wadogo, watoto wa mke mwingine ambao tulikuwa tunawasikia tu. Kila mmoja alitaka haki yake, na haki yenyewe imo kwenye dini, nani atabisha? Korido haigawanyiki. Tukauza.

Mama tukampangia vyumba viwili Mchikichini, nyuma ya soko la mitumba. Alfajiri wakifungua marobota hapo nje, zile kelele! Mama akikurupuka usingizini anadhani kuna msiba. Na polepole, ndani ya vyumba vile, akaanza kupotea. Anafungua kabati la nguo akijua ni mlango wa chumba cha bibi. Anatafuta uani pa kumwaga maji, anayamwaga kitandani. Siku moja tulimkuta Mnazi Mmoja, jua la utosi, anawasimamisha wapita njia na kuwauliza kwa adabu zake zote: "Samahani mwanangu, nyumba yangu ilikuwa mtaa wa pili hapo. Nani kaihamisha?" Watu wanampita. Daktari akatuambia huo ni ugonjwa wa kusahau, dawa ya kuuondoa hakuna, mzungushieni vitu anavyovijua. Nikamjibu vibaya yule daktari. Vitu anavyovijua vilikuwa vimepigwa greda.

Sasa hapo ndipo mdogo wangu alipoingia. Mziwanda wetu, wa kiume, mtu wa utani, ambaye zamani aliweka banda la gemu kwenye chumba cha mbele cha nyumba ileile. Televisheni za mgongo, watoto wa mtaa mzima wanapiga kelele za goli, na mama anapita na mwiko kuwafukuza wenye sare za shule. Nyumba ilipouzwa, banda likafa. Kisha figo zake zikafa. Akawa mtu wa kwenda hospitali kusafishwa damu, anafungwa kwenye mashine nusu siku, mkono mmoja una mabomba, mkono wa pili huru. Mkono huo wa pili ndio ulioijenga nyumba.

Ilikuwa gemu ya kujenga. Unapewa kiwanja cha bure, unapanga matofali kwa kidole, na mtu yeyote mwenye gemu hiyo, popote duniani, anaweza kuja kukutembelea kiwanjani kwako. Ndugu yangu akaanza na korido. Alipotoka hospitali akamwonyesha mama kwenye kishikwambi chake. Mama akatazama, akakunja uso.

"Hii korido fupi. Wewe ulijifunzia wapi kutambaa, hapa? Ungegonga ukuta."

Mdogo wangu akaibomoa, akairefusha. Toka siku hiyo mama akawa fundi mkuu, na fundi mkuu mwenye maneno. Dirisha la chumba cha bibi lilikuwa juu zaidi, bibi hakupenda kuchunguliwa. Mlimao uliinamia kwenye kisima, haukusimama wima kama askari. Mtungi ulikaa kushoto, kushoto kwako wewe unayeingia, jamani mtoto huyu! Mwanamke asiyekumbuka kama amekula alikuwa anakumbuka ufa wa ukuta wa jikoni ulianzia wapi. Nikikaa pembeni yao nilikuwa nageuza uso nisionekane.

Kila kitu humo kilikuwa kinauzwa. Kiwanja bure, mlango unauzwa. Kitanda cha kamba, hakuna, kuna kitanda cha mfalme, kinauzwa. Mama alihitaji mwili wa kutembelea ndani ya nyumba, na buibui hawakuwa nalo, kwa hiyo ndugu yangu akamnunulia joho jeusi la mchawi, kofia yake ndefu akaivua. Mama akajitazama akasema, "Limenikaa." Tulicheka siku ile mpaka mdogo wangu akashikwa na kikohozi.

Lakini mlango wa mbele, ule wa kuchongwa, haukuuzwa wazi. Ulikuwa ndani ya maboksi ya bahati. Unalipia boksi bila kujua kuna nini, unafungua, unapata kofia ya sungura. Unalipia jingine, unapata taa. Mbuzi kwenye gunia, siku hizi anauzwa na kompyuta. Mdogo wangu alifungua maboksi mpaka nikamnyang'anya simu. Mama alipoelewa kinachofanyika, akapandisha sauti: "Astaghfirullah! Hiyo kamari! Mlango wa nyumba ya baba yenu uje kwa kamari?" Siku tatu hakuugusa mchezo ule. Mdogo wangu akaendelea kwa siri, akaupata, akauweka, akamwambia mama wamempa zawadi. Mama akaupapasa ule mlango kwenye kioo. Hakuuliza zaidi.

Ukitaka kujua ile nyumba ilimfanyia nini mama, mimi ndiye shahidi. Kila alasiri, baada ya kuswali, anaketi kwenye mkeka, anasema, "Niwashie nyumba." Namwashia. Anasimama mlangoni kwanza, anasema "Hodi," kwa sauti, pale chumbani Mchikichini, na hasogei mpaka mmoja wetu aitike "Karibu." Halafu anaingia, na akishaingia, akili inarudi. Anajua yeye ni nani. Anajua mumewe amefariki, na chumba gani alifia. Shangazi yetu aliyeolewa Muscat aliwekewa gemu na wajukuu zake, akaja kutembelea, akajitokeza moja kwa moja uani. Mama akamgombeza kwenye simu: "Wewe tangu utoto huna hodi! Toka, uingie tena." Na shangazi mzima na umri wake akatoka, akaingia tena.

Halafu mdogo wangu akafa. Asubuhi, kwenye mashine, mkono huru kifuani. Sina la kuongeza hapo.

Gemu ile ina desturi moja: ukiondoka bila kurudi, mwili wako unabaki ulipouacha, umefumba macho. Yeye alikuwa ameingia kwa simu yake siku ile, kabla hawajamfunga mabomba, akaketi barazani. Basi akabaki hapo. Mama alipowashiwa nyumba baada ya maziko, akamwona. Mimi nikataka kuzima. Mama akanishika mkono. "Acha. Mwanangu amekufa, najua. Hii sanamu yake. Ikae hapo, inalinda mlango." Alisema hivyo, kwa akili zake timamu, kwa sababu alikuwa ndani ya nyumba. Kila siku akipita barazani anasema, "Pumzika, baba." Anapita.

Arobaini ilipofika tukagawa vitu vyake. Kwetu sisi aliyekuosha ndiye mwenye haki ya kwanza. Mwosha maiti wetu ni mzee mmoja wa Kigamboni, rafiki wa baba, alimwosha baba, akamwosha na mwanawe. Mama akaamuru: nguo zake, viatu, saa, na simu aliyokufa nayo mkononi, vyote apewe mwosha. Nilivifunga mimi kwenye shuka. Kishikwambi kikabaki kwa mama. Simu ikaenda na laini yake ndani. Nani angewaza laini?

Haukupita mwaka, tangazo likatokea kwenye kioo. Kwa Kiingereza, na maua pembeni. Kijana wa duka la chaja akanisomea: wenye gemu wanashukuru kwa safari nzuri tuliyosafiri pamoja, wanaifunga mitambo, gemu haitafunguka tena kwa mtu yeyote.

"Haitafunguka vipi? Si tumenunua?"

Akateremsha kidole chini, chini, chini, kwenye yale maandishi ambayo hakuna binadamu amewahi kuyasoma, ambayo ndugu yangu aliyabonyeza 'nakubali' kama tunavyobonyeza wote. "Dada, imeandikwa hapa hamkununua. Mlipewa ruhusa ya kutumia. Wenyewe wanaweza kuiondoa muda wowote."

"Kitufe kiliandikwa 'nunua'!"

"Ndiyo. Kitufe kimeandikwa hivyo."

Nilipandwa na mori, wallahi. Mimi nikiuza mtandio nauza mtandio. Sikufuati nyumbani mwakani nikauvua kichwani kwako nikasema nilikupa ruhusa. Hapa Kariakoo tuna sifa mbaya, najua, tunaambiwa tunawapiga watu changa la macho, lakini hata tapeli wa hapa ukishalipa anakuachia kitu mkononi, hata kama ni jiwe kwenye boksi la simu. Na kilichonimaliza: chini ya lile tangazo la kufunga, duka lao lilikuwa bado wazi. Maboksi ya bahati, bei ya punguzo. Wanauza milango ya nyumba wanayoibomoa.

Kulikuwa na mlango mmoja wa kutokea. Mwenye kiwanja anaweza kupakua nakala ya nyumba yake, akaiweka kwenye kompyuta na kuingia humo daima bila mitambo yao. Mwenye kiwanja tu, siyo mgeni. Mama alikuwa mgeni, na kishikwambi kilikuwa na akaunti yake tu. Kiwanja kilikuwa cha marehemu, na ili kufungua akaunti yake wanatuma namba za siri kwenye laini yake ya simu.

Nikavuka kwa kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni siku hiyohiyo.

Nilimkuta yule mzee nje kwake anachambua samaki. Shikamoo, marahaba, habari za mama, nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na simu ya mdogo wangu. Nikaitambua kwa ule ufa wake kwenye kona.

"Hii hapa," akasema. "Lakini fundi aliifuta yote ndipo nikaweza kuitumia. Na laini niliivunja."

"Uliivunja? Mzee, kwa nini usituulize?"

"Ilikuwa inapigwa," akasema. "Kila siku. Vijana wa zamani wa banda lake, watu wa hospitali, jamaa wa mikoani. 'Vipi kaka, mbona kimya?' Nami namwambia kila mmoja, mwenye namba hii amekufa. Wengine wanalia, wengine wananitukana wanadhani ni mwizi wa simu. Mimi nimeosha maiti miaka yangu yote, binti yangu, mwili haujawahi kunichosha. Lakini ile ya kumuua mtoto yule upya kila jioni, niliichoka. Nikaivunja nikaitupa baharini."

Nilikuwa nimekuja na ukali wangu wote. Sikupata pa kuuweka. Nikamuaga, nikarudi kwenye kivuko, nikasimama kwenye ukuta wa chuma na kulia.

Nikaenda duka la mtandao wa simu kuomba laini nyingine ya namba ileile. Binti wa kaunta, kucha ndefu, mpole kweli, akasema inawezekana, aje mwenyewe aweke kidole. Nikamwambia kidole kiko Kisutu, makaburini. Akanipa pole. Akasema basi nilete barua ya mahakama ya msimamizi wa mirathi. Njia hiyo naijua, tuliipita kwa nyumba ya kwanza, inakula miezi, na wenye gemu wasingesubiri tumalize.

Kijana wa chaja akanisaidia kuwaandikia wenye gemu. Tukaeleza kila kitu, kifo, mama, ugonjwa wa mama, tukaambatanisha cheti cha kifo. Jibu likaja haraka hata sijafunga meza. Nikafurahi. Kumbe ni mashine. Lilisema wanajali sana usalama wetu, akaunti hairithiwi wala haihamishwi, na tafadhali mwenye akaunti awasiliane nao mwenyewe kutoka kwenye namba yake.

"Marehemu aandike mwenyewe," nikamwambia yule kijana. "Waambie nitampelekea karatasi kaburini."

Tukaandika tena. Mashine ileile, pole zilezile. Kijana akaniambia kuna watu nchi za huko mbali wenye hasira kama yangu, wanadai sheria itungwe, kwamba ukimuuzia mtu gemu usiruhusiwe kuja kuiua. Nikaweka jina langu kwenye orodha yao. Sijui kama linasomeka.

Nilijaribu ujanja wangu wote. Nikaichukua video nyumba nzima, chumba kwa chumba. Mama akaitazama mara moja, akasema "Hodi," nikasema "Karibu," akagusa kioo aingie, video ikasimama. "Hii picha," akasema. "Nataka kuingia." Nikajaribu kuijenga kwenye gemu nyingine. Nilichotoa kilikuwa banda la kuku. Mkono uliojua kujenga ulikuwa Kisutu.

Siku ya kufungwa, kwa saa za kwetu, iliangukia alasiri, wakati wake uleule. Nilimweleza mama mapema: leo mwisho, wanaibomoa. Siku ya greda tulimficha, kaka yetu mkubwa alimpeleka kwa ndugu Kigamboni asione. Safari hii akakataa kufichwa. Akaoga, akajifunga kanga mpya, akaketi.

"Hodi."

"Karibu, mama."

Akaingia. Shangazi wa Muscat alikuwa amekuja, mlangoni, kwa adabu. Mama akaanza uani, akapita kisimani, mlimaoni, akarudi koridoni, kila chumba anakisimamia anataja nani alizaliwa humo na nani alifia humo, hakukosea hata mmoja. Nikawaza, mtu mwenye akili hizi mnamfukuzaje? Mwisho akatoka barazani, akaketi karibu na mwanawe. Joho la mchawi na kijana aliyefumba macho. "Pumzika, baba," akasema, na kioo kikawa cheupe, yakaja yale maua.

Hakulia. Akaniuliza tu kama ni umeme.

Sasa tuko baada ya hapo. Kabati limekuwa mlango tena. Maji yanamwagwa kitandani tena. Na kila alasiri, akishaswali, anaketi kwenye mkeka uleule: "Niwashie nyumba."

Siku za kwanza nilimwambia ukweli. Mimi nimelelewa kusema ukweli, tena na yeye mwenyewe.

"Mama, nyumba imebomolewa."

"Tena? Na nani?"

"Wenyewe."

Halafu uso unambadilika, ananishika kanga. "Na mdogo wako? Alikuwa barazani! Walimtoa kwanza?"

Nikamwambia mdogo wangu amekufa. Mama yangu akapiga yowe la msiba, lile lenyewe la siku ile, majirani wakaja mbio. Kesho yake akauliza tena, nikamwambia tena, akapiga yowe tena. Kila alasiri amefiwa leo. Nikamkumbuka mzee wa Kigamboni na laini yake, na nikajilaani kwa ile nusu saa niliyomkasirikia. Yeye alikuwa na kitu cha kuvunja.

Jana aliuliza. Nilikuwa nimechoka, kutwa nzima nimesimama juani na wateja hakuna.

"Walimtoa, mama."

"Alhamdulillahi. Yuko wapi?"

"Yuko nje hapo. Anapumzika."

"Sasa mbona umekaa? Mpelekee chai, mtoto ana njaa."

Nikamimina chai, nikaweka sukari kama alivyokuwa anapenda, nyingi, ile daktari aliyomkataza. Nikatoka nayo. Nikasimama uchochoroni na kikombe mkononi, wauza mitumba wanafunga marobota yao, mpaka chai ikapoa. Nikaimwaga. Nikarudi ndani.

"Kanywa?" mama akauliza.

"Kanywa yote," nikasema.